Safari ya banda la gemu Manzese: "Mama, uliza kwanza linaisha lini"

Jumapili saa tisa alasiri, basi la mwendokasi linapakua abiria kituo cha Argentina, Manzese, jijini Dar es Salaam. Wengine wanaelekea kwenye mitumba, wengine wanarudi nyumbani kutoka kanisani na watoto wenye soksi nyeupe. Anayeiacha Barabara ya Morogoro na kuingia vichochoroni hana haja ya kuuliza banda la gemu liko wapi. Anafuata kelele.

"Mkono huo! Mkono! Toka, mwachie mwenzio!"

Mkono, kwa mashabiki wa mpira wa Bongo, ni mabao matano. Aliyefungwa ni mtoto wa miaka kama kumi. Anatoka nje akijifuta jasho, ananunua maji ya mfuko, kisha anarudi kwenye foleni kana kwamba hakuna kilichotokea.

Banda lenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga. Mlangoni limening'inizwa pazia la kitenge ili mwanga usipige kwenye runinga. Ndani kuna runinga nne, mashine nne za PlayStation za umri tofauti, mabenchi ya mbao na feni moja inayozunguka kwa kulalamika. Mechi moja ni shilingi 500. Nje, kwenye kivuli cha mwembe, wazee wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, na kelele zao hazipishani sana na za ndani.

Ukutani kuna karatasi ya masharti iliyoandikwa kwa kalamu nene. Mwenye sare ya shule haruhusiwi. Kubeti marufuku. Matusi marufuku. Anayepiga pedi chini atailipa. Pedi hapa ni vile vishikio vya kuchezea, na bei yake ndiyo inayomkosesha usingizi mwenye banda.

Mwenye banda ana miaka 31. Watoto wanamwita Anko. Alianza kucheza akiwa na miaka minane, kwenye mashine ya kaseti ya jirani, na tangu hapo hajaacha. Ana binti wa miaka saba. Mtaani anajulikana kwa jambo moja: ukimuuliza kuhusu gemu lolote, atakuambia anavyoliona, hata kama jibu litamharibia biashara.

Siku hiyo anayekuja kumuuliza hakuja kwa upole.

Shilingi 38,000

Pazia linafunguliwa kwa nguvu. Anaingia mama wa makamo, kanga kiunoni, simu mkononi. Anauza maandazi asubuhi, na Jumatatu ni siku ya rejesho la kikoba. Kwenye simu yake zilitakiwa kuwepo shilingi 40,000. Zipo 2,000.

"Shikamoo mama," Anko anasema, akisimama.

"Marahaba. Mwanangu yuko wapi? Na hela yangu iko wapi?"

Mtoto yupo. Ana miaka 12, amekaa benchi la nyuma, na kwa jinsi alivyoinamisha kichwa kila mtu anajua ni yeye. Runinga zinaendelea, lakini hakuna anayeshangilia tena.

Anko anachukua daftari la banda. Kila mtoto anayecheza kwa zamu huandikwa humo, kwa sababu wengine hulipa wiki ikiisha. Anatafuta jina, anahesabu kwa kidole.

"Mama, huyu wiki hii amecheza mechi tatu. Shilingi 1,500, na alikuja na sarafu. Hela yako haikuja hapa."

"Na wewe si unakula hela za watoto?"

"Nakula, mama. Siwezi kukudanganya. Ila hiyo sijaila mimi. Nipe simu tuangalie."

Kwenye orodha ya miamala kuna namba ambayo mama haijui. Imetumiwa fedha mara nne ndani ya siku tisa: 5,000, halafu 8,000, halafu 10,000, halafu 15,000. Mtoto anajua namba ya siri kwa sababu ndiye anayemsaidia mama kutuma hela kila siku. Anko anamwita pembeni, wanaongea kwa sauti ya chini, kisha anarudi na maelezo.

Ni gemu la kupigana la kwenye simu. Kulipakua ni bure. Ndani yake kuna "almasi", ambazo ndizo fedha za humo. Kuna watu wanaouza almasi: unawatumia pesa kwa simu pamoja na namba yako ya mchezaji, wao wanakuwekea. Mtoto alinunua almasi, na kwa almasi akamnunulia nguo mtu wake wa kwenye gemu.

Mama ananyamaza kwa muda.

"Viatu vyake vya shule vimetoboka," anasema hatimaye, bila kupandisha sauti. "Yeye kamnunulia nguo mtu wa kwenye simu?"

Mtoto anajibu akiangalia sakafu. Wenzake walikuwa wanamcheka. Anayecheza na nguo za bure anaitwa majina, hachaguliwi kwenye timu. Ile 5,000 ya kwanza ilimnunulia koti. Koti lilitaka viatu vyake.

Mechi yenye mwanzo na mwisho

Wazazi wengi wangemshika mtoto mkono na kuondoka. Mama huyu anaketi. Anamwambia Anko amweleze haya magemu moja baada ya jingine, kwa sababu nyumbani neno ni moja tu, "gemu", na yeye hajui anakataza nini.

Anko anaanza na runinga ya kwanza, ambako watoto wawili wanacheza mpira.

Gemu hili kwa miaka mingi lilijulikana kama FIFA. Tangu Septemba 2023 linaitwa EA Sports FC, baada ya kampuni ya EA na shirikisho la FIFA kuachana, ingawa mtaani hakuna aliyebadilisha jina. Mpinzani wake ni lile la kampuni ya Konami ya Japani, lililoitwa Pro Evolution Soccer na kubadilishwa kuwa eFootball mwaka 2021.

Kwa Anko, hili ndilo gemu salama zaidi bandani. Ameweka dakika tano kila kipindi. Kuna mwanzo, kuna mapumziko, kuna filimbi ya mwisho. Mtoto anajifunza kufungwa mbele ya watu na kumpisha mwenzake, na hilo, anasema, watu wazima wengi hawaliwezi.

"Lakini halimfundishi mpira," anaongeza. "Nina watoto hapa wanafunga kwa Mbappé mabao sita, ukiwapeleka uwanjani hawawezi kupiga pasi. Mzazi asidanganywe kwamba mtoto anafanya mazoezi."

Ana lawama nyingine. Kila mwaka hutoka toleo jipya kwa bei kubwa, na kwa mchezaji wa kawaida tofauti ni ndogo mno: jezi, majina, nywele. Yeye hanunui kila mwaka. Mashine moja bandani bado ina PES ya zamani ambayo vijana wameiingizia jezi za Simba na Yanga, na hiyo ndiyo yenye foleni ndefu kuliko zote.

Lawama ya tatu ndiyo nzito. Ndani ya gemu la mpira la kucheza mtandaoni kuna sehemu ya kujenga timu yako kwa kununua pakiti za wachezaji. Unalipa kwanza, unafungua, ndipo unajua umempata nani. Unaweza kumtaka Messi ukapewa beki asiyejulikana. Mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilisema utaratibu wa namna hiyo ni kamari, na mapema 2019 EA ikaacha kuuza nchini humo sarafu za kununulia pakiti hizo.

"Karatasi yangu ukutani inasema kubeti marufuku," Anko anasema. "Kumbe kubeti kumo ndani ya gemu lenyewe. Ndiyo maana hapa hatuunganishi intaneti."

Ngumi, mateke na damu

Runinga ya pili wanacheza Tekken. Watu wawili wanapigana mpaka mmoja aishiwe nguvu. Mama anakunja uso, lakini Anko halitetei wala halilaani. Tekken 3, iliyofika kwenye PlayStation mwaka 1998, ndiyo iliyofundisha watoto wengi wa rika lake kushika pedi. Kulikuwa na mchezaji anayeitwa Eddy, anayepigana kwa mtindo wa capoeira wa Brazili. Mtoto asiyejua chochote aliweza kubonyezabonyeza tu na Eddy akamshinda fundi.

"Tulikuwa tunagombana kweli. Fundi anasema mwenzake amebahatisha, mwenzake anasema ushindi ni ushindi. Pigano moja halifiki dakika mbili. Kwa mtoto mkubwa si mbaya, ila akianza kumpiga mdogo wake teke nyumbani, mwondoe."

Mortal Kombat ni hadithi nyingine. Hilo lilitoka mwaka 1992, na damu yake iliwafanya maseneta wa Marekani kuitisha vikao vya kulijadili mwaka 1993. Mwaka uliofuata viwanda vya gemu huko vikaunda bodi ya kuweka alama za umri. Ulaya nayo ina alama zake: 3, 7, 12, 16 na 18. Namba hiyo hukaa kwenye jalada.

Tatizo la uswahilini ni kwamba magemu mengi huja yamenakiliwa, hayana jalada. Mzazi haoni namba, mtoto haoni namba, na muuzaji hana habari nayo.

Mortal Kombat bandani kwa Anko huwekwa saa mbili usiku, watoto wakishatawanyika. Yeye mwenyewe halipendi. "Damu ilinishangaza mara ya kwanza. Mara ya ishirini unaona ni rangi tu. Hapo ndipo nilipoogopa."

Gemu bora ambalo mwanawe haligusi

Kuna gemu ambalo karibu kila kijana wa mjini aliyekua na PlayStation ya pili analijua: Grand Theft Auto: San Andreas, la mwaka 2004. Mchezaji anakuwa kijana anayerudi mtaani kwao kumzika mama yake, na kuanzia hapo anaingia kwenye magenge, wizi wa magari na bunduki.

"Nikisema ukweli," Anko anasema, "hilo ni moja ya magemu bora niliyowahi kucheza. Mji mzima uko wazi, unaendesha, unasikiliza redio, unapotea, unajitafuta. Na binti yangu haligusi."

Alama yake Ulaya ni 18. Haikuwekwa kwa ajili ya magari tu. Kuna mauaji, matusi, dawa za kulevya na mambo ya kitandani. Mwaka 2005 iligundulika kwamba ndani yake kulikuwa na sehemu ya ngono iliyofichwa, na bodi ya Marekani ikalipandisha hadi daraja la watu wazima pekee mpaka sehemu hiyo ilipoondolewa.

Hapo Anko anakiri jambo ambalo mama hakumuuliza. Kwa miaka mitatu ya mwanzo wa banda aliwaachia watoto wa darasa la nne walicheze. Lilikuwa linalipwa kwa saa, si kwa mechi, na saa zilikuwa nyingi.

"Nilifumba macho, mama. Hela ni hela. Halafu siku moja binti yangu, ana miaka mitano, amekaa hapo mlangoni, akamtukana bibi yake tusi la kizungu. Bibi hakulielewa. Mimi nililielewa, na nilijua limetoka kwenye runinga gani."

Jioni ile alilitoa kwenye mashine zote. Mapato yalishuka. Baadhi ya watoto walihamia banda jingine, na anajua huko wanaendelea kulicheza.

Baba na mwanawe mlimani

Mama anauliza kama kuna gemu hata moja lililomfaa yeye kama mzazi. Anko anacheka kidogo, kisha anataja jina ambalo hakuna aliyelitarajia: God of War, toleo la 2018.

Hilo nalo alama yake ni 18, na kwa haki. Lina mapigano makali. Lakini kisa chake ni cha baba aliyefiwa na mkewe. Marehemu aliomba majivu yake yakamwagwe kwenye kilele kirefu kuliko vyote. Baba, Kratos, anasafiri na mwanawe mdogo, Atreus, ambaye hajamzoea. Sehemu kubwa ya safari hamwiti hata kwa jina. Anajua kupigana na majitu, hajui kuongea na mtoto wake.

Anko alilicheza usiku, baada ya kufunga banda, kwa wiki kadhaa. Lilipoisha hakuanza jingine mara moja.

"Baba yangu alikuwa dereva wa malori. Akirudi anauliza umekula, umesoma, basi. Nilipomaliza lile gemu nilimpigia simu. Sikuwa na la kumwambia. Tuliongea habari ya mvua."

Anasema ni gemu la akina baba, si la watoto, na angependa akina baba walicheze watoto wakiwa wamelala.

Na lile la watoto? Hapo anataja Minecraft, la Sweden, lililokamilika mwaka 2011 na ambalo limeuza nakala zaidi ya milioni 300 duniani. Dunia yake ni ya vipande vya mraba. Mtoto anachimba, anakata miti, anajenga nyumba, anapanda ngano. Ukitaka hakuna adui kabisa. Binti yake amejenga humo nyumba ya bibi ya Morogoro, na choo chake nje, na mwembe.

"Mimi binafsi linanichosha," anakiri. "Ni la polepole. Na hapa bandani haliingizi hata mia, kwa sababu nani alipe 500 aje kupanda ngano? Gemu ninaloliamini kuliko yote ndilo lisilonilipia kodi ya banda."

Onyo lake ni moja: Minecraft nalo halina filimbi. Mtoto atajenga mpaka usiku kama hakuna wa kumwita. Kwa hiyo kwake filimbi ni mama wa mtoto, saa kumi na mbili jioni.

Nyoka alijing'ata

Tangu mazungumzo yaanze, Anko amerudia neno hilo hilo: linaisha, haliishi. Mama anamtaka alifafanue.

Anko anamuuliza kama aliwahi kuwa na simu ya tochi. Mama anatabasamu kwa mara ya kwanza. Alikuwa nayo, na alicheza gemu la nyoka mpaka vitufe vikafutika namba. Gemu hilo liliingia kwenye simu za Nokia mwaka 1997. Nyoka anakula, anarefuka, anajing'ata, basi. Unacheka, unaiweka simu, unakwenda kuchota maji.

"Sasa nionyeshe simu yako ya leo, mama."

Mama anasita, kisha anaitoa. Candy Crush, hatua ya 412. Watoto wote waliokuwa wanajifanya hawasikilizi wanacheka, na mwanawe anainua kichwa kidogo.

Gemu hilo la pipi, lililotoka mwaka 2012, lina maisha matano. Yakiisha unasubiri nusu saa kupata moja, au unalipa uendelee sasa hivi. Ukipita hatua moja kuna nyingine. Kampuni inaongeza hatua mpya kila mara, kwa hiyo anayekaribia mwisho anakuta mwisho umesogezwa.

"Sijawahi kulipa hata senti," mama anajitetea.

"Najua. Ila mara ngapi umepitwa na kituo?"

Mama hajibu. Wiki iliyopita alikusudia kushuka Magomeni, akajikuta Jangwani.

Kwa Anko, huo ndio mstari wa kugawa magemu, kabla hata ya damu na matusi. Gemu la kununuliwa mara moja limeshamaliza biashara nawe. Halina haraka ukiondoka. Gemu la bure bado halijapata kitu. Kila siku linatafuta sababu ya wewe kurudi: zawadi ya kuingia leo, nguo zinazouzwa mpaka usiku wa leo tu, rafiki anayekusubiri kwenye timu. Free Fire la mwaka 2017 na PUBG Mobile la mwaka 2018 ni ya namna hiyo. Wachezaji wanashuka kisiwani kwa miavuli, wanapigana mpaka abaki mmoja au timu moja. Anayacheza, na anasema yametengenezwa kwa ustadi mkubwa. Mchezo mmoja peke yake unakwisha. Kinachoendelea bila kukoma ni duka.

Roblox nalo, ambalo watoto wadogo wanalipenda kwa sababu ndani yake kuna maelfu ya magemu yaliyotengenezwa na wachezaji wenyewe, linatumia fedha zake zinazoitwa Robux. Hapo anamwambia mzazi aangalie pia nani anaongea na mtoto, kwa sababu anayejiita mtoto si lazima awe mtoto.

Serikali zimejaribu. China mwaka 2021 iliweka sheria kwamba walio chini ya miaka 18 wacheze magemu ya mtandaoni saa moja tu, saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Shirika la Afya Duniani nalo limeweka tatizo la kutawaliwa na gemu kwenye orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022. Lakini halisemi kila mtoto anayependa gemu anaumwa. Linaangalia aliyeshindwa kujizuia, anayetanguliza gemu kuliko mambo mengine yote, na anayeendelea hata linapomharibia maisha, kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi 12.

Maswali manne ya kubeba nyumbani

Kabla mama hajaondoka, Anko anamwandikia nyuma ya karatasi ya daftari maswali ya kumuuliza mtoto kuhusu gemu lolote. Mzazi yeyote anaweza kuyanakili.

La kwanza, linaisha lini? Mtoto akisema "baada ya mechi hii", mwache amalize mechi. Akikosa jibu, mzazi ndiye aweke muda, na amwambie kabla hajaanza, si katikati.

La pili, ndani yake wanauza nini, na wanauza kwa hela ya jina gani? Almasi, sarafu, pointi, vyote hivyo ni shilingi zilizobadilishwa jina ili mtu asizihesabu.

La tatu, nani mwingine yumo humo, na anaweza kukuandikia?

La nne, ungekubali bibi akae hapa akuangalie ukilicheza? Hili Anko anasema ndilo linalofanya kazi kuliko alama ya umri. Mtoto anajua jibu mara moja, hata asipolisema.

Na namba ya siri ya simu ibadilishwe leo hii, anaongeza. Mtoto kusaidia kutuma pesa si vibaya, lakini mama aiingize namba mwenyewe.

Deni la 38,000 linabaki. Mama ameshaamua. Kila Jumamosi na Jumapili mtoto ataamka saa kumi na moja kukanda unga na kutembeza maandazi, na kila wiki 3,000 zitakatwa. Ni wiki kumi na tatu. Kuhusu rejesho la kesho, itabidi amwombe mwenyekiti wa kikoba siku tatu, na hilo ndilo linalomuuma zaidi, kwa sababu hajawahi kuchelewesha.

Anasimama kuondoka, halafu anageuka. Anatoa sarafu mbili kwenye fundo la kanga na kuziweka mezani. Shilingi 400.

"Imepungua mia, mama," Anko anasema.

"Nitaleta andazi. Nionyeshe hii pedi inashikwaje."

Mtoto wake anachagua Argentina. Mama anachagua Tanzania; anaambiwa kwenye mashine hii haimo, anachukua Nigeria. Mwanawe anamwonyesha kitufe cha pasi na cha kupiga. Kufikia mapumziko ni matatu bila. Mama anapiga mpira nje mara nne mfululizo, na benchi zima linamshauri kwa wakati mmoja. Filimbi ya mwisho inalia ikiwa sita kwa sifuri.

"Mkono na kidole," mtoto mmoja ananong'ona, akinyamazishwa na wenzake.

Mama anarudisha pedi taratibu, kwa mikono miwili, kama mtu aliyesoma karatasi ya ukutani. Nje wazee wa drafti bado wanabishana. Anatangulia, mwanawe anafuata hatua mbili nyuma, mpaka kituoni. Basi linapokuja anampa simu aishike, kisha anabadilisha mawazo na kuichukua tena.

"Yule baba na mwanawe," anauliza wakiwa wamekaa, "walifika huko mlimani?"

"Sijui mama. Anko haturuhusu kuliangalia."

"Jumapili ijayo nitamuuliza."